Mwaramoni wakati wa baridi: usiukate, haujafa

Wazee wetu, kina mama, ndugu na vijana mliofika jioni hii, hamjambo.

Tumeombwa tuzungumze juu ya mti mmoja na miezi yake mitano, Novemba hadi Machi. Mti wenyewe mnaupita kila siku mkienda kazini. Ni ule mkubwa wa kando ya barabara za London, wenye shina la madoa ya kijivu, kijani na rangi ya maziwa. Waingereza huuita London plane. Sisi tutauita mwaramoni, maana jina hilo limo tayari katika Biblia ya Kiswahili, kwenye habari za Yakobo na zile fito alizozibambua maganda. Aliyewahi kupanda mpera utotoni hahitaji kuelezwa gome la mwaramoni lilivyo: hubanduka vipande vipande, chini yake hutokea gome jipya laini, na mti hauna ugonjwa wowote.

Mwaramoni wa London ni chotara. Mzazi mmoja asili yake ni kusini-mashariki mwa Ulaya na Asia ya Magharibi, mwingine ni wa mashariki mwa Marekani. Ile miti iliyopo Berkeley Square, bustani ya katikati ya London, ilipandwa mwaka 1789 na ingali imesimama, pamoja na moshi wote wa makaa ya mawe wa karne mbili na ile baridi kali ya mwaka 1962 kuingia 1963. Kwa hiyo baridi yenyewe si adui wa mti huu. Mwaramoni mkubwa wenye afya hauhitaji kufunikwa, wala mbolea ya Desemba, wala dawa. Kinachouumiza miezi hii mara nyingi ni mkono wa mtu: chumvi, kamba, msumeno, na matandazo yaliyorundikwa ovyo. Tutakaa zaidi kwenye mti mchanga, kwa sababu ndio wengi wenu mlionao mbele ya nyumba.

Tuanze na swali linaloulizwa kila mwaka: mti umekufa au umelala?

Chukua kitawi cha mwaramoni mwishoni mwa Oktoba, jani likiwa limeshaanza kuwa la manjano, ulivute jani polepole. Kikonyo kitachomoka kama kifuniko cha kalamu. Kitazame mwisho wake, utaona kina shimo. Ndani ya shimo hilo ndimo lilimokuwa tumba la mwaka ujao, yaani chipukizi ambalo bado limefumba. Miti mingi huweka tumba wazi, kwapani mwa jani, lakini mwaramoni hulificha ndani ya kikonyo chenyewe mpaka siku jani linapoanguka. Baada ya hapo utaliona limebaki peke yake kwenye kitawi, limechongoka, halifiki sentimita moja, limevishwa gamba moja kama kofia, na kovu la jani limelizunguka kama pete. Ukiona matumba hayo yamejaa na ni magumu ukiyabana kwa vidole, mti umelala tu. Ukiyabana yakasagika kama unga, kitawi hicho kimekufa.

Kipimo cha pili ni ukucha. Kwaruza gome la kitawi chembamba, kiasi cha nusu sentimita tu. Chini yake pakiwa kijani na unyevu, pana uhai. Pakiwa kahawia na pakavu, shuka sentimita 20 ukwaruze tena, mpaka ukute kijani. Mara nyingi ncha imekufa na sehemu ya chini ni nzima. Mbuyu hupukutisha majani wakati wa kiangazi na hakuna anayekwenda kuchukua shoka. Mwaramoni nao hufanya hivyohivyo, isipokuwa unachokimbia ni baridi, si ukame.

Majani sasa. Ni mapana kuliko kiganja cha mtu mzima, ni magumu, na huoza polepole mno. Yakiachwa kwenye mfereji huziba tundu la maji kama mfuko wa nailoni. Yafagieni, lakini msiyafagie yakiwa makavu. Upande wa chini wa jani, na zile mbegu ndani ya vitufe vinavyoning'inia, kuna vinyweleo vidogo sana vinavyoruka hewani na kukwaruza koo na macho. Mwenye pumu asifanye kazi hiyo kabisa. Wengine wavae barakoa, wanyunyizie majani maji kwanza, ndipo washike reki. Vitufe huanza kupasuka mwishoni mwa baridi na kuendelea hadi machipuko yanapotoka, kwa hiyo kikohozi cha Machi chini ya mti huu si ajabu. Ukitaka mboji, yakatekate kwa mashine ya nyasi, yalowanishe, yatie kwenye mifuko myeusi iliyotobolewa, uyasahau kwa miaka miwili. Ukiyachanganya mazima na mabaki ya jikoni, ya jikoni yataisha nayo utayakuta vilevile, yamegandana kama kurasa za kitabu kilicholowa.

Matandazo ni jambo jema linaloharibiwa na bidii. Kazi yake ni kuzuia udongo usigande na kuyeyuka kila siku, kuzuia nyasi, na kulisha udongo polepole. Tumia vipande vya mbao vilivyochakatwa, unene wa sentimita 7 au 8, duara lenye upana wa mita moja. Acheni sentimita 10 wazi kuzunguka shina. Umbo lake liwe kama sahani iliyoinuka kingo, lisiwe kichuguu. Huku mjini kichuguu ndicho kinachoonekana kila mahali, na huo si mtindo, ni kosa. Gome la shina limeumbwa likae kwenye hewa. Likizikwa miezi mitano katika unyevu hulainika na kuoza, na panya wa shambani hupata nyumba ya joto yenye chakula ukutani. Wakilitafuna gome duara zima, mti hufa hata kama mizizi yake haina tatizo.

Pale shina linapoingia ardhini hutanuka kidogo, kama mdomo wa tarumbeta. Mtanuko huo lazima uonekane. Kama shina linaingia ardhini limenyooka kama nguzo ya umeme, mti ulizikwa kina kirefu mno, au watu wameurundikia udongo. Fukua kwa mkono, si kwa jembe, mpaka uuone.

Tuje kwenye kigingi na kamba. Hapa ndipo miti michanga mingi inapopotea.

Mche wa barabarani huja na shina lenye mzingo wa sentimita 12 hadi 14 na urefu wa karibu mita 4. Hufungwa kwenye kigingi kimoja au viwili kwa mkanda wa mpira. Watu hudhani kigingi ni cha kuuzuia mti usitikisike, kumbe ni cha kuzuia mizizi isitikisike. Shina lenyewe linatakiwa liyumbe, kwa sababu kuyumba ndiko kunakolifanya linenepe chini. Kwa hiyo mkanda uwe chini, kama theluthi moja ya urefu wa mti au pungufu, na juu ya hapo mti uachwe ucheze na upepo. Mti uliofungwa juu, karibu na matawi, hukua mrefu na mwembamba, na siku kigingi kinapoondolewa unapinda kama fimbo ya kuvulia.

Mwezi wa Novemba, kabla ya dhoruba, pitisha vidole viwili kati ya mkanda na shina. Visipopita, legeza. Mkanda uliokaza hauuui mti siku hiyo. Kiangazi kinachofuata shina hunenepa, mkanda hauongezeki, na gome huanza kuumeza. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kupitia ndani ya gome. Njia hiyo ikibanwa mizizi hulala njaa, huku majani juu yakionekana mazuri mwaka mzima au miwili. Ndiyo maana watu hawaamini wakiambiwa mti umekufa kwa sababu ya kipande cha mpira.

Baridi ya pili ikipita, fungueni mkanda mwezi wa Machi na mshike shina usawa wa kifua, mlisukume. Chini pakitulia na shina likarudi lenyewe, ondoeni kigingi. Udongo ukifunguka na kufumba kama mdomo, rudisheni mkanda mwaka mmoja zaidi.

Udongo wa sehemu kubwa ya London ni mfinyanzi. Mvua za Januari zikiuloweka na upepo ukiutikisa mti, huchimbika shimo dogo kuzunguka shina, maji yakajaa, usiku yakaganda. Barafu huchukua nafasi kubwa kuliko maji, kwa hiyo huusukuma udongo mbali na mizizi. Baada ya kila dhoruba na baada ya kila wiki ya jalidi, yaani baridi ya kugandisha, pita uangalie. Ukikuta mwanya, subiri barafu iyeyuke, kisha ukandamize udongo kwa kisigino, taratibu, kuzunguka mti wote. Udongo ukiwa umeganda usiuguse, maana utakata mizizi myembamba bila kuiona. Udongo ukiwa uji, nao uuache siku mbili tatu, kwa sababu mfinyanzi ukikanyagwa umelowa hushikana kama tofali na kufukuza hewa.

Maji je? London, kuanzia Novemba hadi Machi, mvua inatosha. Ndoo zenu ziwekeni kwa ajili ya Aprili mpaka Septemba, lita 40 hadi 50 kwa wiki katika miaka mitatu ya kwanza. Aliyeko kwenye baridi ya bara, tuseme Toronto, ambako ardhi huganda miezi kadhaa na upepo ni mkavu, ana hesabu tofauti: aujaze mti maji mwishoni mwa Oktoba au Novemba, kabla ardhi haijafunga, kwa sababu ikisha kufunga hakuna tone litakaloingia hadi machipuko.

Chumvi. Manispaa humwaga chumvi barabarani usiku wa jalidi, na wenye nyumba humwaga mlangoni. Inaokoa nyonga za wazee, hatuikatai. Shida ni mahali inapoishia. Madini ya sodiamu yaliyomo kwenye chumvi huvunja chembechembe za mfinyanzi zilizoshikana, vitundu vya hewa vikazibika. Kloridi, sehemu ya pili ya chumvi, hupanda na maji mpaka kwenye majani, na utayaona Julai yamekauka kingo kama yameunguzwa na pasi. Kufikia Julai hakuna anayekumbuka chumvi ya Januari, lawama hupewa jua. Mlangoni tumieni mchanga wenye changarawe. Theluji iliyochanganyika na chumvi msiirundike kwenye shimo la mti, hata kama ndiyo nafasi pekee iliyo wazi. Na kama imeshamwagika, mwezi wa Machi udongo ukiwa umeyeyuka na unapitisha maji, mimina lita 50 za maji ya bomba, urudie siku mbili au tatu tofauti, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi.

Mwenye mche kwenye chungu hatutamchelewesha. Mizizi haivumilii baridi kama matawi, na ndani ya chungu haina ardhi ya kuikinga pembeni. Inua chungu juu ya matofali ili tundu lisigande, kizungushie gunia tabaka mbili, kiegemeze ukuta wa nyumba. Usiingize mti sebuleni penye hita. Unahitaji wiki nyingi za baridi ili uamke vizuri, na ukiuamsha Januari utachipua vitawi dhaifu visivyo na mwanga. Na ukweli ni kwamba mti unaoweza kufika mita 30 hauna maisha marefu kwenye chungu, mtafutieni ardhi.

Sasa kupogoa. Kabla ya kushika mkasi, ulizeni mti ni wa nani. Wa kando ya barabara ni wa manispaa, msiukate hata kitawi. Wa uani kwako unaweza kuwa na amri ya kuulinda. Na kama nyumba iko kwenye eneo la hifadhi ya majengo, mti wenye kipenyo kinachozidi milimita 75 kwa kimo cha mita 1.5 unatakiwa utolewe taarifa kwa maandishi wiki 6 kabla. Kukata bila taarifa kunaweza kukufikisha mahakamani.

Mwaramoni huvumilia kukatwa kuliko miti mingi. Ile miti mnayoiona Februari imebaki mikono yenye ngumi mwishoni haikuchinjwa. Hukatwa hivyo kila baada ya miaka miwili au mitatu, na ngumi hizo ndizo ghala la matumba yaliyolala. Fito hukatwa zikaribiane na ngumi, bila kuikata ngumi yenyewe. Ukiipasua ngumi umefungua mlango wa kuoza kwenye mbao ya miaka 50. Lakini mtindo huo huanzwa mti ukiwa kijana. Kuuchukua mti wa miaka 80 ambao haujawahi kukatwa na kuubakishia visiki ni kuuharibu. Na kazi yoyote inayohitaji kupanda juu ni ya mafundi wenye bima, wanaofanya kazi kwa kufuata BS 3998, kanuni za Uingereza za kazi za miti. Ngazi ya nyumbani na msumeno wa injini ni ajali inayosubiri saa yake.

Kwenye mti mchanga wa uani, mwaka wa kwanza kata kilichokufa tu. Baadaye ondoa tawi linalosuguana na jenzake, na mahali penye vilele viwili vinavyoshindana bakisha kimoja. Usizidishe robo ya matawi kwa mwaka. Wakati ni Januari au Februari, siku kavu isiyo na jalidi kali, kwa sababu mbao iliyoganda huchanika.

Tawi nene kuliko kidole gumba hukatwa mara tatu. Kwanza kutoka chini kwenda juu, sentimita 30 mbali na shina, theluthi moja tu ya unene. Pili kutoka juu, sentimita chache mbele zaidi kuelekea nchani, tawi lianguke. Ule mkato wa chini ndio unaozuia tawi lisishuke na ukanda wa gome la shina. Tatu ni kuondoa kisiki. Pale tawi linapotokea shinani pana uvimbe kama kola ya shati. Kata nje ya kola, usiiguse, wala usiache kisiki cha urefu wa kidole. Kola ndiyo inayofunga kidonda. Usipake rangi wala lami, havizuii kuoza, hufungia unyevu ndani.

Kisha usafi. Kati ya mti na mti, futa unga wote wa mbao kwenye msumeno, halafu paka spiriti ya asilimia 70 kwenye meno. Jiki iliyochanganywa na maji mara tisa nayo inafaa, ila hutafuna chuma, kwa hiyo suuza na upake mafuta. Hili si pambo. Kuna kuvu kiitwacho Ceratocystis platani, asili yake Marekani, ambacho kiliingia Ulaya wakati wa Vita Kuu ya Pili, na inaaminika kilikuja na mbao za makreti ya jeshi. Huingia kupitia kidonda, huziba mishipa ya maji, huacha doa la zambarau-buluu ndani ya mbao, na mti hufa. Ufaransa mwaka 2006 kiligunduliwa kwenye Canal du Midi, mfereji uliokuwa na miaramoni ipatayo 42,000 kando yake, na tangu hapo makumi ya maelfu imekatwa na kuchomwa. Misumeno na mitambo hukisafirisha, hata kamba za mashua zilizofungwa kwenye miti. Ndiyo maana masharti ya kuingiza miche ya mwaramoni Uingereza ni makali. Anayerudi likizo kwa gari asibebe kuni wala vijiti vya mti huu kutoka Ufaransa au Italia.

Majani yakishaanguka, inueni macho pia muangalie matawi makubwa. Kuna kuvu kingine, Massaria, kinachoua upande wa juu wa tawi, kuanzia panapoungana na shina. Gome huwa na wekundu kidogo wa waridi, kisha huwa jeusi kwa vumbi la kuvu, na chini yake mbao huoza haraka. Kutoka chini tawi huonekana zima, na linaweza kuanguka baada ya miezi michache tu. Mkiona ukanda uliobanduka upande wa juu wa tawi lililo juu ya njia au benchi, piga picha, eleza mahali, upeleke taarifa manispaa siku hiyohiyo. Usisimame chini kuhesabu.

La mwisho ni Aprili. Mwaramoni huchelewa kuchipua, majirani zake wakiwa wameshavaa kijani. Halafu hutokea hivi: machipukizi yanatoka, siku ni baridi na mvua, na baada ya wiki mbili yananyauka na kuanguka kama yaliyopigwa jalidi. Mara nyingi hiyo ni kazi ya kuvu cha anthraknozi, kilicholala baridi nzima kwenye vitawi na majani yaliyoanguka. Wastani wa joto ukiwa chini ya nyuzi 13 wakati wa kuchipua, hushambulia sana, ukizidi 16 hutulia. Mti huchipua upya Juni. Kwa hiyo chini ya mti mchanga zoeni majani yote ya zamani kabla ya Machi, kata vitawi vilivyokufa, na Mei msikimbilie kuripoti kwamba mti umekufa. Kwaruzeni kwa ukucha katikati ya Juni. Mkikuta kahawia hadi chini, hapo pigeni simu, na mtaje namba ya mti kama una kibao.

Mikasi iko mezani, na chupa ya spiriti ni ile yenye kifuniko chekundu. Nje tuna miche miwili. Tuanze na wa kushoto, mkanda wake hauingizi hata kidole kimoja.